Aliyeitika kwa Jina la Matonya

Mfungwa alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mguu mmoja ameunyoosha. Kifundo kilikuwa kimevimba na kufungwa kipande cha kaniki. Shaushi Zaidi, sajini wa boma, aliposimama mlangoni, mtu yule hakuinua kichwa. Alikohoa kwa muda mrefu, akafuta mdomo kwa kiganja, kisha akakitazama kiganja.

"Wewe ndiye Matonya?"

"Ndimi. Waliponiuliza nyumbani nilijibu hivyohivyo. Ndiyo maana niko hapa."

Alisema kwa Kigogo. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Zaidi alizaliwa Bagamoyo, lakini miaka ya uaskari Kilimatinde ilikuwa imemfundisha Kigogo cha kutosha, na tangu reli ya Wadachi ifike Dodoma yeye ndiye aliyetumwa kila palipohitajika mtu wa kuuliza maswali.

Safari hii maswali yalikuwa yameagizwa na mkuu wa boma mwenyewe, Mdachi mwembamba ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Matonya alikuwa amekamatwa karibu na Kikombo akifuata reli kwa miguu, ametoroka shamba la mkonge huko pwani. Adhabu ya mtoro wa mkataba ilijulikana: hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kisha kurudishwa kazini. Lakini huyu, tangu aingizwe korokoroni, alikuwa akipiga kelele kwamba hakuwahi kufanya mkataba na mtu yeyote.

"Kama anasema uongo, nijue," Bwana Miwani alikuwa amesema. "Kama ni kweli, nijue pia. Gari la moshi la pwani ni Jumamosi."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Zaidi alivuta kigoda, akakaa. "Nieleze tangu mwanzo. Usiruke kitu."

Matonya alieleza. Kwao ni Mtukwe, upande wa Hombolo. Kiangazi kilipokausha majani yote, aliswaga ng'ombe wa nyumbani hadi Bahi, kwenye mbuga ambako maji hayakauki upesi, akakaa huko. Baadaye alirudi kumwona mama yake. Alilala siku moja tu. Asubuhi alikuja nyapara Shaibu, mtu wa Bwana Stavro, yule Mgiriki anayekusanya watu wa mashamba. Alisimama uani akauliza nani anaitwa Matonya.

"Ukasema ni wewe."

"Ningesema ni nani?"

"Endelea."

"Akaniambia twende, umetia alama mbele ya serikali. Nikamwambia mimi nimetoka Bahi jana. Akasema jina ni langu au si langu? Nikasema ni langu. Wakanifunga kamba pamoja na wengine. Wenzangu njiani waliniambia tunakwenda Morogoro tu, na kabla ya mvua tutakuwa nyumbani. Morogoro tuliiona dirishani."

"Siku watu walipotia alama hapa bomani ilikuwa mkesha wa Idi. Siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Mimi sijui Idi. Nilikuwa Bahi."

"Nani alikuona?"

Matonya akafikiri. "Kuna mama wa mjini huja kununua samli. Ana mwanya hapa."

Zaidi alimfahamu mama huyo bila kutajiwa jina. Mwanamvua aliuza samli na kambare wakavu sokoni, hatua chache kutoka stesheni. Alimkuta akifunika vyungu vyake kwa kanga, maana upepo wa Dodoma ulikuwa ukirusha vumbi na mawingu ya kwanza yalikuwa yamejikusanya bila kuleta kitu.

"Mgogo mmoja mrefu, anakohoa?" Mwanamvua alisema. "Namkumbuka sana, shaushi. Samli yote niliyopikia watu maandazi ya sikukuu ilitoka kwake. Nilikwenda Bahi siku ile ya mwisho ya mfungo, asubuhi, nikarudi na gari la jioni. Alinipimia mwenyewe."

"Una hakika ni siku ile?"

"Nilikuwa nimefunga, na yeye akanipa maziwa ninywe. Nikamwambia leo siwezi, ungenipa kesho. Akacheka. Hivi naye yuko wapi siku hizi?"

Zaidi aliaga. Alikwenda moja kwa moja hadi ofisi ya karani.

Karani Amiri ndiye aliyeita majina siku ile. Alikuwa mtu wa Tanga, mwenye kalamu nzuri na tumbo linalomsumbua. Alipoona shaushi anafunga mlango nyuma yake, aliweka kalamu chini.

"Watu wa Bwana Stavro," Zaidi alisema. "Mlifanyaje siku ile?"

"Kama sheria inavyotaka. Jumbe wao alikuwa ameleta majina mapema. Nilikuwa nikiita jina, mtu anasimama mbele ya Bwana Mkubwa. Bwana anauliza kwa Kiswahili, mkalimani anageuza kwa Kigogo: umeielewa kazi? Umekubali kwa hiari yako? Akiitikia, anatia alama."

"Matonya wa Mtukwe alisimama?"

"Alisimama mtu."

Zaidi akamtazama.

"Usinitazame kwa macho hayo, shaushi. Nimeita jina, mtu amekuja. Watu wamejaa, mimi nimefunga, koo limekauka. Nilikuwa nitazame nini zaidi?"

"Huyo aliyekuja. Kuna chochote unachokikumbuka kwake?"

Amiri alikuna shavu. "Alimkera mkalimani. Bwana alipouliza tu, yeye akajibu, 'Ndiyo bwana, nimekubali.' Kwa Kiswahili safi. Mkalimani hata hajafungua kinywa. Watu wakacheka."

"Na alama yake?"

"Msalaba, kama wengine. Ila..." Amiri aliichukua kalamu yake mezani. "Wenzake waliishika kalamu kama mchi. Yeye aliishika hivi. Nikajua huyu ataandika jina lake. Akasita kidogo, halafu akatia msalaba."

Kwa Zaidi hilo lilitosha. Mtu aliyesimama alikijua Kiswahili na aliijua kalamu. Matonya hakujua hiki wala kile. Pale mjini, mtu wa namna hiyo anayeweza kukubali kusimama kwa jina la mwenzake alikuwa mmoja aliyesemwa sana: Songoro mchota maji, aliyekuwa zamani boi wa Wazungu, na ambaye kwa kibuyu cha pombe alikuwa tayari kuwa mtu yeyote. Tena alikuwa akilala nyuma ya nyumba ya nyapara Shaibu.

Alimkuta Shaibu barazani kwake akinyolewa.

"Matonya alikwambia si yeye aliyetia alama," Zaidi alisema.

"Wote husema hivyo siku ya kuondoka."

"Ulikuwa bomani siku ile. Ulimwona aliyesimama. Alikuwa huyu?"

"Shaushi, mimi nilipewa majina. Sikupewa sura."

"Jibu swali."

Shaibu alimwashiria kinyozi asogee. Alijipangusa povu taratibu. "Nilimwona. Hakuwa huyu. Lakini jumbe aliahidi watu wote wa kwenye orodha, na Bwana Stavro hatanisikiliza nikimwambia mmoja hayupo. Nilipofika kwao, nikauliza Matonya nani. Mtu akasema ni mimi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Nani alisimama bomani? Songoro?"

"Mtafute mwenyewe. Mimi simjui."

"Haya uliyoniambia utayasema mbele ya Bwana Miwani."

"Yapi?" Shaibu alimrudishia kinyozi shavu. "Kuna aliyeyaandika?"

Songoro aliletwa ofisini mchana ule ule, analia kabla ya kuulizwa. Aliapa kwamba hajawahi kutia alama popote zaidi ya kwenye mchanga. Zaidi alimsimamisha mbele ya meza, pale pale waliposimama wale watu, akamwambia Amiri amtazame vizuri.

Amiri alimtazama. Alimzunguka. Kisha akatikisa kichwa.

"Si huyu."

"Umejuaje? Uliniambia hukutazama."

"Masikio. Huyu masikio yake ni mazima. Yule alikuwa na masikio ya Kigogo, yametobolewa yakavutwa. Na moja, hili la kushoto, ndewe ilikuwa imekatika, inaning'inia vipande viwili. Alipoinama kutia alama ilikuwa mbele ya macho yangu."

Songoro akaachiwa. Zaidi alibaki amesimama dirishani. Mgogo, basi, wala si mtu wa mjini. Mgogo anayejua Kiswahili na kushika kalamu, na alivipata vitu hivyo mahali ambapo vijana wa Kigogo walikuwa wakivipata siku zile, yaani kwa wamisionari. Na alikuwa mtu ambaye, jina la Matonya lilipoitwa, alijiona ana haki ya kuitika.

Alirudi korokoroni.

"Una ndugu?" alimuuliza mfungwa.

Matonya alikuwa amelala ubavu. Aligeukia ukutani.

"Una ndugu aliyesoma?"

"Shaushi," Matonya alisema, "niandikie tu kwamba nilisema uongo. Nitapigwa, nitarudi huko."

Zaidi alifunga mlango. Jumatano alfajiri alimtandika nyumbu wa boma, akashika njia ya Hombolo.

Alifika Mtukwe jua likiwa linaelekea kushuka. Alianzia kwa jumbe, akaambiwa na wake zake kwamba mzee amesafiri ghafla na hawajui atarudi lini. Akaelekea kwenye tembe aliyoonyeshwa, nyumba ndefu ya udongo yenye paa la bapa, zizi limeachwa wazi kwa sababu ng'ombe walikuwa bado Bahi kwa jirani. Uani mwanamke mzee alikuwa akipepeta uwele. Pembeni yake mwanamke kijana alikuwa akinyonyesha mtoto mchanga.

"Mbukwenyi," Zaidi akaamkia.

"Mbukwa," mama akaitikia, na mikono yake ikaacha ungo. Alizitazama nguo za kiaskari, kisha uso. "Amekufa?"

"Hajafa, mama. Yuko Dodoma. Anaumwa kifua na mguu."

Mwanamke kijana alianza kulia bila sauti. Aliitwa Emilia. Alikuwa mke wa mwana mdogo wa nyumba ile, na mtoto wake alikuwa hajafikisha miezi mitatu. Zaidi aliuliza mume wake yuko wapi. Kabla Emilia hajajibu, mtu alitokea nyuma ya zizi na jembe begani, kijana mwenye kaptura ya amerikani na shuka iliyofungwa kichwani hadi masikioni.

"Shikamoo, bwana shaushi," alisema kwa Kiswahili. Kiswahili safi.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Kefa."

"Hilo la ubatizo. Ulisoma misheni?"

"Miaka mitatu."

"Vua hiyo shuka."

Kefa aliweka jembe chini. Alivua shuka polepole, na ndewe ya sikio la kushoto ikaanguka shingoni, vipande viwili.

Zaidi alimwonyesha kwa kichwa upande wa pili wa zizi, wakaenda wawili.

"Ulisimama bomani kwa jina la kaka yako."

"Ndiyo."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Jumbe alitangaza kila nyumba itoe mtu mmoja, na jina alilolipeleka bomani lilikuwa la kaka kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Nikamwambia jumbe, kaka yuko Bahi na ng'ombe, halafu kifua chake kibovu, hawezi kazi hiyo. Nitakwenda mimi. Akasema sawa, ila usinivurugie majina, wakiita Matonya wewe itikia."

"Ulijua ni kosa?"

"Nilijua nakwenda kufanya kazi. Nilipopewa kalamu nilitaka kuandika Kefa. Nikaogopa."

"Kwa nini hukuenda siku ya kuondoka?"

Kefa aligeuka akatazama kule alikokuwa Emilia. "Usiku ule uchungu ulimshika. Ukawa mbaya. Nikatoka kumtafuta mkunga kijiji cha pili, na mkunga naye hakuwepo, nikaenda mbele zaidi. Niliporudi mchana mtoto amezaliwa na kaka amechukuliwa. Nikasema kesho nitakwenda Dodoma nieleze. Kesho mtoto akawa anaumwa. Nikasema kesho yake." Alikwangua udongo kwa kidole cha mguu. "Halafu nikawa nasubiri tu mvua, maana walisema watarudi kabla ya mvua."

"Hilo la mvua liliandikwa?"

"Bwana Stavro alilisema kwa kinywa chake. Sote tulisikia."

Waliporudi uani, mama alikuwa amesimama. Alikuwa amekwisha kuelewa yote, au alikuwa akiyajua tangu siku nyingi. Alimsogelea Zaidi hadi karibu kabisa.

"Mwanangu, rudi useme hukumpata mtu."

"Nikisema hivyo, Matonya atapigwa Jumamosi na kupakiwa garini. Mama, nimemwona. Akirudi huko hatamaliza mwezi."

"Na ukisema umempata?"

Zaidi alikuwa ameitafakari sheria njia nzima, na kadiri alivyoijua ilikuwa upande wao.

"Sikiliza, mama. Mkataba wa kazi ya mbali lazima uandikwe mbele ya serikali. Mtu mwenyewe awepo, aulizwe, akubali kwa kinywa chake. Mtu hawezi kumkubalia mwenzake. Matonya hakuwepo, kwa hiyo hana mkataba. Kefa jina lake halimo, kwa hiyo naye hana. Ukiwa batili ni batili, hakuna anayefungwa nao. Lakini ni lazima Kefa aje aseme mwenyewe. Bila yeye, nina maneno ya muuza samli na sikio alilolikumbuka karani."

"Watamfanya nini?"

"Watamkaripia. Pengine watamtia ndani siku mbili."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Mama alimtazama mwanawe mdogo. Kisha alimwambia Emilia awafungie viazi na karanga za njiani. Zaidi hakumfunga Kefa kamba. Walilala kijijini, wakaondoka asubuhi, na walipochoka walipokezana nyumbu. Njiani Kefa aliuliza jambo moja tu, kama kaka yake anajua kwamba ni yeye. Zaidi alimwambia anajua.

Ijumaa saa mbili walisimama mbele ya Bwana Miwani. Matonya aliletwa akichechemea. Alipomwona mdogo wake alifumba macho.

Zaidi alitoa taarifa yake hatua kwa hatua: Bahi na samli, Kiswahili kilichomtangulia mkalimani, kalamu, sikio. Mwanamvua aliitwa akasema aliyoyasema sokoni. Amiri aliulizwa, akamtambua Kefa. Kefa alikiri kwa Kiswahili, mikono ubavuni. Bwana Miwani alisikiliza bila kukatiza. Alikuwa mtu wa utaratibu, na kazi iliyofanywa vizuri ilimpendeza.

"Vizuri sana, shaushi. Sasa niambie wewe, sheria inasemaje?"

"Bwana Mkubwa, mtu hawezi kumkubalia mwenzake kazi. Mkataba wa Matonya si halali."

"Si halali," Bwana Miwani alikubali. Alimgeukia Amiri. "Futa. Matonya si mtoro. Aachiwe leo. Na kwa kuwa hana mkataba, hana la kudai kule shambani. Sasa huyu." Aliinua kidole kumwelekea Kefa. "Siku ile, aliyesimama mbele yangu alikuwa nani?"

"Kefa, Bwana Mkubwa."

"Niliyemuuliza kama amekubali?"

Zaidi aliona swali linakoelekea. "Ni yeye. Lakini jina lililoandikwa..."

"Nilimuuliza yeye, kwa lugha anayoijua kuliko wenzake wote. Akakubali kwa hiari yake, kwa kinywa chake, mbele ya serikali. Akatia alama kwa mkono wake. Kilichokosewa ni jina. Jina linasahihishwa."

"Bwana Mkubwa, mkataba wenye jina la mtu mwingine ni batili kwa wote."

"Hayo yameandikwa wapi?"

Zaidi hakuwa na mahali pa kuonyesha.

"Basi. Andika, karani. Kefa wa Mtukwe. Kazi ataianza mwanzo, kwa sababu hajafanya hata siku moja. Na kwa kuidanganya serikali, hamsa ishirini."

Kefa aligeuza uso kwa Zaidi. "Ulisema..."

"Nilisema," Zaidi alijibu. Alipiga saluti tena, jambo lisilotakiwa. "Bwana Mkubwa, nyapara Shaibu alikiri kwangu kwamba alijua anamchukua mtu asiye yeye. Naye ana kosa."

"Alikiri mbele ya nani?"

"Mbele yangu. Na kinyozi."

"Yuko tayari kurudia?"

"Hapana."

"Endelea, kama una lingine."

"Bwana Stavro aliwaahidi watu hawatapita Morogoro, na watarudi kabla ya mvua. Ndivyo walivyokubali."

Bwana Miwani alivua miwani, akaifuta kwa leso. "Shaushi, wewe ni mtu wa sheria. Mkataba huandikwa ili tusibaki tunauliza nani alisema nini. Karatasini pameandikwa pwani. Hapakuandikwa Morogoro, wala mvua."

Hapo Matonya, aliyekuwa haelewi zaidi ya nusu, alimwuliza Zaidi kwa Kigogo ni nini kimeamuliwa. Zaidi alimwambia. Matonya alijiburuta hatua mbili hadi mbele ya meza.

"Mwambie aniandike mimi," alisema. "Sasa nipo mwenyewe. Nimekubali kwa kinywa changu. Kazi ile naijua, mkonge naujua. Huyu ana mtoto."

Zaidi aligeuza maneno yale kwa Kiswahili, yote, bila kupunguza. Bwana Miwani aliyasikiliza hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana kama mtu anayetamani jambo liwe vingine.

"Huyu mgonjwa," alisema. "Daktari wa reli hatampitisha. Na kumbe hukusikia, shaushi? Mtu hawezi kushika mahali pa mwenzake. Umenifundisha mwenyewe sasa hivi."

Hamsa ishirini ilitolewa uani kabla ya adhuhuri. Haikuwa zamu ya Zaidi kuhesabu, lakini alisimama pale. Aliona ni wajibu wake kusimama.

Jumamosi alipangiwa kuwasindikiza watu wa Bwana Stavro hadi stesheni. Kefa alikuwa katikati ya msafara, shati limegandamana mgongoni, anatembea vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Shaibu alikuwa akihesabu watu mlangoni mwa behewa. Alipomfikia Kefa alimuuliza jina, na Kefa akataja lake.

"Shaushi," Kefa aliita kutoka ndani. Zaidi akasogea dirishani. "Mtoto hatujampa jina bado. Tulikuwa tunamngoja kaka arudi ndiye ampe. Mwambie ampe tu."

Gari lilipiga honi na kuondoka kuelekea mashariki. Moshi ulibaki juu ya maduka kwa muda, upepo ukaupeleka.

Matonya hakuwa ameondoka. Alikuwa ameachiwa tangu jana, na tangu jana alikuwa ameketi chini, ukutani mwa stesheni, na fimbo aliyopewa na Mwanamvua. Zaidi alimwendea.

"Kuna mkokoteni wa Mhindi unakwenda upande wa Hombolo leo. Nimezungumza na mwenye nao. Atakuchukua bure."

Matonya alichora vumbini kwa fimbo.

"Mdogo wako amesema umpe mtoto jina."

"Nimesikia. Alisema kwa sauti." Alikohoa hadi macho yakatoka machozi. Kisha akamtazama Zaidi kwa muda, bila hasira. "Mama atatoka nje akisikia magurudumu. Atanitazama mimi, halafu atatazama nyuma yangu. Nitaingiaje pale, shaushi?"

Zaidi alianza kusema kwamba angekwenda naye, akakumbuka kwamba zamu yake ya boma inaanza saa nane. Alianza kusema kwamba angeandika Kilimatinde, kwa mkubwa zaidi, akajua jibu litakalorudi. Mwenye mkokoteni alipiga mluzi kutoka upande wa pili wa reli, akapiga tena.

Mwishowe Zaidi alivua tarbushi yake, akaketi chini vumbini karibu na Matonya, mgongo ukutani. Watu waliopita waligeuka kumtazama, kwa maana shaushi wa serikali haketi pale. Mkokoteni ulingoja kidogo, kisha ukaenda zake.